Bango Liandikwe Nini? Kutimiza Miaka, Jubilei na Maneno Yake

Bango lilikuwa tayari, mita tatu kwa moja, wino umekauka, na vijana wa kwaya wamekuja na bodaboda kulichukua. Herufi kubwa nyekundu: MAADHIMISHO YA 25 YA KWAYA YETU. Pamoja nao alikuja bibi mmoja mwenyeji wa Muheza, mwanakwaya wa tangu mwanzo, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka akijipepea kwa upande wa kanga. Alilisoma, akalisoma tena, kisha akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Haya ni maadhimisho ya ngapi?"

"Ya ishirini na tano, bibi."

"Ni ya kwanza. Hatujawahi kufanya sherehe hata siku moja. Mwaka wa kumi tulitaka, pesa haikutosha. Mwaka wa ishirini padre akahamishwa. Sasa hayo mengine ishirini na manne yalifanyikia wapi?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, maana bango lilikuwa kazi ya mikono yangu na bibi alikuwa amesema kweli.

Nachapa kadi, fulana na mabango Ngamiani, hapa Tanga, mahali ambapo barabara zenyewe zina namba badala ya majina, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja. Unaweza kudhani watu wa mitaa ya namna hii hawatababaishwa na hesabu. Lakini kazi inayoniletea ubishi kuliko zote ni hii ya miaka: shule imetimiza hamsini, wanandoa wana ishirini na tano, madrasa inamkumbuka mwalimu wake, klabu inataka fulana. Kila mmoja huja na karatasi yake imeandikwa vizuri, na nusu ya karatasi hizo zina kosa ambalo hakuna anayeliona mpaka bango litundikwe.

Tuanze na kosa la bibi, yaani langu. Katika Kiswahili, namba ikikaa baada ya "ya" bila kitu katikati inapanga foleni: ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Maadhimisho ya 25" husomwa kama "mkutano wa 25" au "mashindano ya 25". Maana yake yametanguliwa na mengine 24. Ukitaka kutaja umri, lazima neno "miaka" liingie: maadhimisho ya miaka 25. Neno moja dogo, tena fupi kulichapa, ila likiachwa sentensi inahesabu kitu kingine kabisa. Mara nyingi hesabu hizo mbili hukaribiana, ndiyo maana hatustuki. Sherehe inayofanyika kila mwaka bila kukosa, baada ya miaka 25 huwa imefanyika mara 25. Ila je, haikukosa?

Chukua Uhuru. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alizifuta sherehe na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, wakati ule wa kipindupindu. Watu walishika mafagio. Siku hiyo Uhuru ulitimiza miaka 54 sawasawa, hakuna aliyeweza kuupunguzia hata saa moja, ila sherehe ya 54 haikuwepo. Miaka hutimia yenyewe. Sherehe ni lazima mtu aifanye.

Kuna mtego wa pili, na huu huwanasa hata walimu. "Kutimiza miaka 25" na "kuwa katika mwaka wa 25" vimepishana mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa jana yumo katika mwaka wake wa kwanza, na umri wake ni siku moja. Siku akitimiza mwaka mmoja ndipo anaingia wa pili. Kwa hiyo klabu yetu ya soka, Coastal Union, Wagosi wetu wa Kaya, walioanzishwa 1948, mwaka 2023 walitimiza miaka 75 na papo hapo wakaingia mwaka wa 76. Ukiandika kwenye fulana "mwaka wa 75" siku ya kutimiza, umechelewa: mwaka wa 75 ndio uliokwisha usiku uliopita. Mtego huohuo ndio uliowagawa watu kuhusu karne. Kwa kuwa kalenda haina mwaka sifuri, karne ya 20 ilikwisha mwisho wa 2000, na ya 21 ikaanza 1 Januari 2001. Dunia ilirusha fataki mwaka mmoja kabla. Kalenda ya Hijria nayo iliingia 1400 mnamo Novemba 1979, lakini karne ya 15 kwa hesabu kali inaanza 1401. Mzee mmoja jirani yangu husema hapo wenye hesabu walishinda hoja na wenye furaha wakashinda pilau.

Lugha yetu ina adabu nyingine hapa ambayo hatuisemi mara kwa mara. Kitenzi "kutimiza" ni cha aliye hai, au cha kitu kinachoendelea. Mwaka 2022 nchi ilimkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama 13 Aprili 1922. Mabango mengi yaliandika "miaka 100 ya kuzaliwa kwa Mwalimu", na hiyo ni sahihi. Aliyeandika "Mwalimu atimiza miaka 100" alimfanya marehemu aendelee kuhesabu siku. Husemwi kwamba hujui sarufi ukikosea hapo. Unatazamwa tu, kama mtu aliyeingia msibani na viatu.

Sasa kitenzi cha sherehe yenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kwa kila siku inayorudi na tarehe yake, iwe ya ndoa, ya vita au ya kifo, na wanandoa wa siku hizi wameshaliingiza kwenye simu zao kama "anivesari". Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo. Kinakudai uchague mapema: unasherehekea, unaadhimisha, au unakumbuka?

Kusherehekea ni furaha, basi. Kukumbuka hakudai furaha. "Kumbukizi", neno linalopendwa na magazeti, limeelekea zaidi kwa watu waliotangulia mbele ya haki, kama kumbukizi ya Nyerere kila 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Na "kuadhimisha" ni ndugu ya adhama, adhimu na taadhima: ni kukipa kitu ukuu wake, kwa kicheko au kwa machozi. Ndiyo maana serikali hulipenda. Linaweza kubeba Mei Mosi, Siku ya Ukimwi na Siku ya Mashujaa bila kubadili nguo.

Mimi hulipendekeza kwa mteja asiye na uhakika, ila nakiri kwamba ni neno la kujificha pia. Mwezi Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India, watu wapatao 8,000, lilishuka hapa Tanga na kukutana na askari wapatao 1,000 waliokuwa chini ya kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walishindwa, wakaondoka na kuacha bunduki na risasi nyingi nyuma yao. Nyuki nao waliingia vitani, wakawachoma watu wa pande zote mbili, mpaka leo vinaitwa vita vya nyuki. Mwaka 2014 vilitimia miaka mia. Utaandika nini? "Tunasherehekea miaka 100 ya Vita vya Tanga"? Nani anasherehekea? Aliyeshinda alikuwa mkoloni, aliyeshindwa alikuwa mkoloni mwingine, na waliolala chini wengi walikuwa Wahindi na Waafrika wasioulizwa. Hapo hata "kuadhimisha" kunakwaruza. Mtu wa Tanga anayesimulia vita hivyo husema tu "ilikuwa mwaka ule wa nyuki", na kwa maoni yangu ndiyo kauli safi kuliko zote.

Ukishachagua kitenzi, linakuja swali ambalo hugombanisha kamati hata kabla ya chai: tangu lini?

Reli yetu ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902, ikafika Moshi 1911. Ina miaka mingapi? Inategemea unauliza ukiwa stesheni gani. Mkonge nao uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka huohuo wa 1893. Miche elfu moja ilitumwa kutoka Florida na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Utahesabu tangu ilipofika, au tangu watu wa nchi hii walipoanza kuikata kwa kandarasi, migongo ikiuma? Mji wenyewe ni wa kale, lakini hadhi ya jiji iliupata 2005. Kila tarehe ina ukweli wake, na kila kamati huchagua ile inayowapendeza wenye kamati.

Mfano ulio wazi zaidi uko Bagamoyo. Tarehe 4 Novemba 2018 Wakatoliki walijaa mji ule kwa kilele cha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara. Niliuza fulana nyingi mwaka ule kwa parokia za huku kwetu, na mteja mmoja alinipigia simu usiku kunisisitizia neno "Bara" lisikosekane. Alikuwa na sababu. Wamisionari Wakatoliki walifika Zanzibar tangu 1860, na wale wa shirika la Roho Mtakatifu wakafuata 1863. Bagamoyo waliingia 1868, padre Antoine Horner akiwa kiongozi wao. Ukifuta "Bara", hesabu inakosea kwa miaka minane, na Wakatoliki wa Unguja wanafutwa pamoja nayo.

Neno hilohilo "Bara" lina shida upande wa pili, upande wa Uhuru. Mabango ya serikali huandika "Uhuru wa Tanzania Bara". Lakini mwaka 1961 hapakuwa na Tanzania, si Bara wala Visiwani. Palikuwa na Tanganyika. Muungano ulikuja 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likafuata mwishoni mwa Oktoba mwaka huo. Wazee wengi wanataka bango liseme "Uhuru wa Tanganyika", na mimi niko upande wao: kilichozaliwa kitajwe kwa jina kililopewa siku ile, hata kama baadaye kiliolewa na kubadili jina.

Nimefika kwenye neno lenyewe, jubilei. Biblia zetu na makanisa yetu yameliandika kwa tahajia mbalimbali, utakuta yubile, yubilei, jubilii, na asili yake ni Kiebrania, neno lenye kuhusiana na pembe ya kondoo dume. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli wanaagizwa wahesabu miaka saba mara saba, yaani 49, kisha mwaka wa hamsini wapulize pembe. Angalia hapo: mwaka wa hamsini, foleni, siyo umri wa miaka hamsini. Wataalamu wamebishana karne nyingi kama mwaka huo ulikuwa wa 50 kwelikweli au ulikuwa wa 49 uliohesabiwa pamoja na ule wa kuanzia. Kwa hiyo bibi wa Muheza ana wenzake.

Ila ugomvi wa hesabu si kitu mbele ya kilichoagizwa kufanyika mwaka huo. Ardhi iliyouzwa ilirudi kwa wenyewe. Mtu aliyejiuza utumwani kwa sababu ya umaskini aliachwa huru, akarudi kwa jamaa zake. Hakuna keki, hakuna mgeni rasmi. Jubilei ilikuwa mwaka wa kurudisha.

Kanisa Katoliki lililichukua neno hilo kwa maana ya kusamehe dhambi. Papa Bonifasi wa Nane alitangaza mwaka mtakatifu wa kwanza 1300, kwa nia ya kuurudia kila baada ya miaka mia. Watu wakaona mia ni mbali, nani atafika? Klementi wa Sita akashusha hadi hamsini, ukafanyika 1350, na kuanzia 1475 ukawa wa kila miaka 25 ili kila kizazi kipate angalau mmoja. Ndiyo foleni iliyotufikisha kwenye Jubilei ya 2025. Hivyo namba 25, ambayo leo tunaiona ya asili kama vidole vya mkono, ni punguzo tu, tena punguzo la huruma.

Madini yalikuja kwa njia nyingine, kutoka kwenye ndoa za Ulaya, hasa Ujerumani, ambako waliofikisha miaka 25 walivishwa taji la fedha na wa miaka 50 la dhahabu. Huku kwetu fedha imeleta kichekesho ambacho Wajerumani hawakukitegemea. Neno "fedha" kwa Kiswahili ni madini na ni pesa. Nimechapa kadi isemayo "Karibu katika Jubilei ya Fedha ya Bwana na Bibi", na mzee mmoja aliyealikwa akaja dukani kuniuliza taratibu, bila kumkosea mtu heshima: "Mwanangu, hii harambee ni ya kiasi gani?" Tangu hapo humshauri mteja aandike "Jubilei ya Miaka 25" kwa herufi kubwa, na "fedha" iwe chini kwa ndogo, ikilazimu. Tena kuna wanaoandika "Jubilei ya Dhahabu ya Miaka 50", kusema kitu mara mbili. Nawaachia. Mwenye miaka hamsini ya ndoa ana haki ya kujirudia.

Almasi ndiyo yenye ubishi wa haki. Ni ya 60 au ya 75? Zamani ilihusishwa na 75. Malkia Victoria wa Uingereza, aliyerithi kiti 1837, alifanya jubilei ya dhahabu 1887, na miaka kumi baadaye, 1897, akafanya ya almasi kwa kutimiza sitini. Alikuwa ameshazeeka na hapakuwa na mtawala wa Uingereza aliyewahi kukaa muda ule, kwa hiyo kusubiri 75 ingekuwa kumwomba Mungu sana. Kuanzia hapo 60 ikawa almasi kwa watawala, na 75 ikabaki kwa wengine. Mjukuu wa mjukuu wake, Elizabeth wa Pili, alipofikisha 70 mwaka 2022, wakatumia platini.

Kwetu sisi almasi ina jengo. Agosti 1946 Sultan Mohamed Shah, Aga Khan wa Tatu, alipimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam, kwa ajili ya miaka 60 ya uimamu wake, baada ya kupimwa vivyo hivyo Bombay mwezi Machi. Ukiwa Upanga leo unapita Ukumbi wa Diamond Jubilee, ambamo watu wameoana, wamehojiana, wamepigana vikumbo kwenye matamasha, na sijakutana na mtu mmoja aliyesimama mlangoni akajiuliza hiyo jubilei ilikuwa ya nani. Unguja nako, Bustani ya Forodhani iliwahi kuitwa ya Jubilee, kwa miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyeketi kitini 1911. Jina liliondoka, pweza wa kuchoma akabaki.

Kwa hiyo Coastal Union ya 75 ni almasi? Kwa mila ya zamani ndiyo. Kwa mila ya Victoria ilishapita mwaka 2008. Mtu akiniuliza mimi, namwambia Kiswahili hakimlazimishi kuazima kito chochote. Tuna robo karne, nusu karne, robo tatu ya karne, karne, na karne na nusu. Kwa miaka 150 Wazungu wana neno la Kilatini refu kama behewa la mizigo. Sisi tunasema "karne na nusu" na muuza maboga sokoni anaelewa.

Pwani, hata hivyo, ina kalenda mbili, na hapa ndipo ufundi unapotakiwa. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, yaani unapungukiwa na ule wa Januari kwa siku kama 11. Kila miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Januari. Miaka mia ya Hijria hutimia katika miaka 97 tu ya kawaida. Mzee wa madrasa akija kuchapisha bango la hauli, siku ya kila mwaka ya kumkumbuka shehe aliyefariki, neno lenyewe likitokana na Kiarabu kwa maana ya mwaka, swali langu la kwanza ni hesabu ipi.

Tumchukue Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka bara, akapata elimu, akawa khalifa wa twarika ya Qadiriyya na mmoja wa mashehe wakubwa wa nchi hii. Alifariki 1931. Kwa kalenda ya ukutani, miaka mia itatimia 2031. Kwa Hijria, mwaka ule uligawanyika kati ya 1349 na 1350, kwa hiyo mia yake itaangukia kwenye 1449 au 1450, ambayo ni kama 2028. Wafuasi wake, wanaozuru kwa mwezi mwandamo, wataifikia karne miaka mitatu kabla ya wanahistoria. Hakuna aliyekosea. Wanatazama mianga miwili.

Na siku yenyewe inaanza lini? Kwa wazee wa pwani siku huingia magharibi, jua likizama. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni usiku ambao kijana wa ofisini anauita Alhamisi usiku. Nimewahi kuchapa kadi za maulidi zilizoandikwa "usiku wa Ijumaa saa tatu", na nusu ya wageni wakafika siku iliyofuata, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakakuta vijana wanakunja majamvi. Siku hizi naandika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na hata wenye kadi hawapendi, wanaona nimeiharibu. Kwa hilo sibembelezi.

Waislamu wengi wa hapa, kusema kweli, hawana haja na miaka 25 ya ndoa. Vituo vyao vikubwa havipimwi kwa miaka hata kidogo. Mtoto akizaliwa husubiriwa siku ya saba, kisha arobaini, mama atoke nje. Mtu akifa kuna siku tatu, kuna arobaini, na matanga huanuliwa. (Wageni hudhani mji wetu umeitwa kwa ajili ya msiba. Tunawaacha wadhani.) Arobaini haina madini, haina mgeni rasmi, haitangazwi redioni, na hakuna anayeisahau.

Kuna bango moja ambalo sikuletewa. Bagamoyo wamisionari wale wa 1868 walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji ndani ya misheni, kijiji cha uhuru. Uwanjani pana mbuyu ambao husemwa ulipandwa mwaka huohuo. Shinani unatoka mnyororo. Inasimuliwa kwamba mwanamke mmoja wa Kifaransa alimfunga punda wake pale mwishoni mwa karne ya 19, mnyororo ukasahaulika, mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza, na sasa zimebaki pete chache tu nje. Nilipokwenda niliingiza kidole kwenye pete ya mwisho nikavuta. Haikusogea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Lakini utumwa wenyewe Tanganyika uliendelea, wakati wa Mjerumani na baada yake, mpaka Mwingereza alipopitisha sheria ya kuufuta, 1922.

Jumlisha mia. Ni 2022, mwaka uleule wa Mwalimu. Mwaka ambao kwa maana ya Walawi, ya pembe ya kondoo na watu kurudi kwa jamaa zao, ulistahili neno jubilei kuliko miaka yote niliyofanya kazi hii. Nilichapa mabango ya Mwalimu, ya vikoba, ya mahafali, ya klabu za joging. La hilo hakuna aliyeniletea karatasi, nami sikumkumbusha mtu. Sijui ningeshauri kitenzi gani.

Turudi kwa bibi. Kuchapa upya kungechukua saa mbili na vijana walikuwa na mazoezi, basi nikakata kipande cha stika nyekundu, nikatoa neno MIAKA kwa herufi zilizobanana, nikalibandika kati ya YA na 25. Lilikaa upande kidogo, kama jino lililoota nyuma ya wenzake. Bibi akasimama, akalipapasa kwa kiganja kuona kama limeshika, akaridhika. Kisha macho yakashuka mstari wa chini, penye tarehe.

"Agosti?"

"Ndiyo bibi, tulianza Agosti. Imo kwenye daftari la kwaya," akajibu katibu.

"Agosti tulianza mazoezi, chini ya mwembe, watu saba. Kanisani tumeimba mara ya kwanza Krismasi. Kwaya isiyoimba ni kwaya?"

Katibu akanitazama. Nikalikunja bango, nikafunga kamba mbili, nikamkabidhi wa bodaboda. Walipokata kona kuingia barabara ya kumi na mbili bado walikuwa wanabishana, bibi amekaa katikati, bango limelala mapajani mwake.